Kofi la Onyesho la Mwisho

Kaka yangu anauza misumari. Anaipima kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi, amevaa aproni ya bluu yenye picha ya mfuko wa saruji kifuani, na mteja akimwita kutoka upande wa mabati hujibu "nakuja" bila kuinua kichwa. Wanaomjua tangu utotoni huniuliza, mtu aliyekuwa akitufundisha hesabu kwa kipande cha mkaa ukutani, yeye mwenyewe bado amevaa kaptula ya shule, ameishiaje kwenye misumari? Mama akiwepo huwajibu kwamba kila mtu na riziki yake. Mama asipokuwepo mimi huwaambia ukweli. Alicheza mchezo wa kuchekesha chuoni, na ulichekesha sana.

Mimi ni msusi. Nina kioo kimoja na viti viwili kwenye kachumba karibu na geti la chuo cha ualimu, na wateja wangu wengi ni wanachuo. Kichwa cha mtu kikikaa katikati ya magoti yako nusu siku, yaliyomo humo hutoka yenyewe, huna haja ya kuuliza. Kwa hiyo nayajua mengi ambayo Kaka hakuniambia, maana yeye ni msiri, ukimchoma mwiba atakuambia anawashwa. Niliyoyaona kwa macho yangu nitasema niliyaona. Mengine nimeyapata vichwani mwa watu.

Kaka alipochaguliwa kwenda chuo, Mama alianza kumwita Mwalimu siku ileile, hata kabla hajanunua sanduku. "Mwalimu, njoo ule." "Mwalimu, taa inakula mafuta bure." Mama ni mtumishi wa nyumbani. Amefanya kazi kwenye nyumba za watu tangu kabla sijazaliwa, amelea watoto ambao sasa wana ndevu na wanapita pembeni yake barabarani hawamsalimu. Mtu kama huyo akipata neno Mwalimu la kuliita ndani ya chumba chake mwenyewe, halitoi mdomoni upesi. Analimung'unya taratibu, kama mtoto aliyepewa pipi moja tu.

Sasa, pale chuoni wana desturi. Kila mwaka kabla ya kufunga chuo, wanafunzi wa Kiswahili huonyesha mchezo wa kuchekesha wa zamani, mavazi ya zamani na lugha ya zamani, ile ya ewe na lau na niwie radhi ambayo hakuna anayemwomba mtu chumvi kwayo. Wanakuja wajumbe wa bodi, wageni, na wazazi. Mwaka ule mchezo ulimhusu tajiri mmoja na hadimu wake. Hadimu ni mtumishi, ndivyo walivyoitwa hapo kale. Tajiri yule anampiga hadimu kofi katika kila onyesho: maji yakiwa ya moto kofi, yakiwa ya baridi kofi, yakiwa ya uvuguvugu makofi mawili. Onyesho la mwisho hakimu anagundua kwamba tajiri amekula kiapo cha uongo, na anaamuru hadimu arudishe kofi moja mbele ya mji mzima. Hadimu anatoa hotuba, anapiga kofi lake, pazia linafungwa.

Hakuna aliyetaka kuwa hadimu. Kiongozi wa mchezo alikuwa mwanafunzi mmoja wanayemwita Komandoo, kwa vile alipenda kuamrisha kuliko kula. Alizungusha macho darasani akamnyooshea kidole Kaka.

"Wewe," akasema. "Wewe hata mavazi hatuna haja ya kukushonea."

Darasa likacheka, na Kaka akacheka pamoja nao. Hayo niliyapata kwa msichana aliyecheza bibi wa tajiri, mteja wangu wa siku nyingi, ambaye naye alinisimulia huku anacheka mpaka nikamwambia atulize shingo.

Nyumbani Kaka hakuja na habari ya mavazi. Alikuja na karatasi za mchezo, na alikuwa ameanza kuzisoma kutoka mwisho. "Mdogo wangu, sikiliza hapa," akaniambia, akasimama kando ya jiko kama yuko mbele ya hakimu kwelikweli.

"Ewe bwana, mkono huu umekunawisha, umekulisha, umekufunga viatu. Umeupiga usipokosa na ulipokosa. Leo hii u wazi mbele yako, nao hauna kitu ndani yake ila haki. Upokee."

Mama aliacha kukoroga. Sufuria likaanza kunuka, na hakuna aliyelishughulikia. Mimi si mtu wa kusifu ovyo, lakini siwezi kukana, lile neno la kale lilimkaa Kaka mdomoni utadhani lilikuwa lake tangu mwanzo. Mama akauliza, "Na baada ya hapo unampiga?" Kaka akasema, "Moja tu, Mama." Mama akatikisa kichwa taratibu, akarudia kukoroga kilichobaki.

Tajiri alichezwa na mtoto wa mwenyekiti wa bodi ya chuo. Walimwita Mheshimiwa, wanafunzi na hata baadhi ya wakufunzi, nusu kwa mzaha na nusu kwa kujiwekea akiba. Si kwamba alikuwa kijana mbaya. Alikuwa kijana ambaye hajawahi kuambiwa basi, na hilo halina tofauti kubwa.

Mwanzoni makofi yalikuwa ya hewani. Mpigaji anapitisha mkono karibu na shavu, na mpigwaji anapiga viganja vyake chini ya kiuno, upande ambao watazamaji hawauoni, ndipo mlio unatoka. Siku moja mazoezini mkono wa Mheshimiwa ukatua kwa bahati mbaya. Waliokuwamo wakacheka kuliko walivyowahi kucheka tangu waanze. Komandoo akasimamisha mazoezi, akakuna kidevu.

"Hiyo," akasema. "La hewani halina ladha." Akamgeukia Kaka. "Limeuma?"

"Kidogo."

"Basi tuendelee nalo."

Ndivyo lilivyopitishwa. Kaka alikuwa analala bweni na kuja nyumbani Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata alikuja shavu moja limejaa. Mama akauliza, akajibiwa ni jino. Mama akachemsha maji ya chumvi akampa asukutue, na mpumbavu yule akasukutua.

"Na lako la mwisho?" nilimuuliza tukiwa wawili. "Nalo litakuwa la kweli?"

"Lazima. Mchezo wote unaelekea hapo."

"Umewauliza?"

"Si limeandikwa?"

Kaka aliamini kitu kikiandikwa kimekwisha. Huo ni ugonjwa wa walimu, na yeye aliupata kabla ya cheti.

Jumamosi zile mimi ndiye niliyekuwa tajiri wake. Nilikaa juu ya ndoo nimejifunga shuka begani, nikaita, "Ewe baradhuli, u wapi?" Naye akatoka nyuma ya mlango ameinama, "Labeka, bwana, nipo hapa miguuni pako." Nilimpiga ya hewani, sikuweza nyingine. Tukifika mwisho aliegemeza godoro la Mama ukutani, akalitolea hotuba yote, akalipiga kofi. Vumbi liliruka. Halafu alisimama kidogo, mkono umeshuka, uso umetulia kama wa mtu aliyetua mzigo. Sijapata kumwona hivyo tena.

Kule chuoni jina lake lilikufa kabisa. Alikuwa Hadimu kuanzia foleni ya chai mpaka kitandani. Na hapa ndipo pana ujanja ambao sikuuelewa mpaka baadaye. Mtu akikuambia "niletee maji", utamuuliza kwani wewe ni nani. Lakini akikuambia "Ewe hadimu, niletee maji niburudishe koo langu tukufu", watu wote wanacheka, na ukikataa, wewe ndiye usiyejua utani. Kaka akaleta maji ya kunywa. Kisha akaleta ndoo za kuogea. Kisha zikaja soksi za Mheshimiwa, "Ewe hadimu, uzitwae hizi zilizochoka safari", na baada ya soksi mashati, na baada ya Mheshimiwa bweni zima. Hakuna hata mmoja aliyemwamuru kitu kwa Kiswahili cha kila siku. Wangeona haya.

"Kaka," nilimwambia nilipoona vidole vyake vimejikunja kwa sabuni, "unafua nguo za wanaume wenzako."

"Ni mchezo tu. Ukikasirika ndipo unageuka kweli."

"Mama naye anafua. Wake si mchezo."

"Subiri onyesho la mwisho," akasema. "Wakiuona mwisho wataelewa mchezo wote ulikuwa unasema nini. Wataniangalia vingine."

Nilitaka kumkamata mabega nimtikise. Mtu mzima, mwenye akili ya kuhesabu bila kalamu, amekusanya heshima yake yote ameiweka kwenye kofi moja la jukwaani, na anangoja tarehe.

Ikaja ile miezi wanayopelekwa mashuleni kujifunza kufundisha. Kaka na Mheshimiwa walipangwa shule moja ya msingi. Wanasema Kaka alikuwa anafundisha sehemu, nusu na robo na theluthi, na watoto wametulia kama maji mtungini. Mheshimiwa akapita nje, akaingiza kichwa dirishani.

"Ewe hadimu, viatu vyangu vina vumbi."

Watoto wakamgeukia mwalimu wao. Kaka angeweza kusema chochote pale. Angeweza kufunga dirisha. Aliniambia mwenyewe aliona njia ya mkato ni kumaliza utani haraka ili arudi kwenye robo zake, basi akainama kidogo, akasema, "Labeka, bwana." Mheshimiwa akaenda zake ameridhika. Watoto nao walicheka mpaka wa nyuma wakaanguka kwenye madawati. Kuanzia siku hiyo, akiuliza nusu ya nane ni ngapi, darasa zima linajibu kwa pamoja, "Labeka, bwana." Mkufunzi alikuja kumpima katikati ya mambo hayo, akakaa nyuma, akasikiliza, na akasema mbele ya walimu wengine kwamba kijana huyu hana uwezo wa kutawala darasa. Mheshimiwa alifaulu vizuri sana.

Hata hapo Kaka hakuvunjika. Alihesabu siku zilizobaki.

Siku yenyewe ikafika. Mchezo ulikuwa mchana, kwenye bwalo la chuo, meza zimetolewa na mabenchi yamepangwa. Asubuhi Komandoo alimwita Kaka kando, na msichana yule aliyecheza bibi wa tajiri alikuwa anapigwa poda hapohapo, akasikia yote.

"Lile kofi lako tumelitoa," Komandoo akasema. "Mwenyekiti anakaa mstari wa mbele. Huwezi kumpiga mtoto wa mtu mbele ya baba yake."

"Mimi nami mama yangu anakuja," Kaka akasema.

Komandoo akamtazama. Msichana anasema hakuwa anafanya kiburi, alishangaa kwelikweli. "Sasa hiyo inahusiana vipi?"

Kaka aliomba. Aliomba kwa Kiswahili cha kawaida, na wenzake walisimama wakimwangalia kwa sababu hawakuwa wamemzoea hivyo. Mwisho mkufunzi wao akaingilia kati akaamua: hotuba ibaki, na kofi libaki, lakini la hewani. Mheshimiwa atajipigia mlio mwenyewe kiunoni. Makofi ya kwenda chini yatakuwa ya kweli ili ukumbi usikie, na la kwenda juu litakuwa la hewani ili adabu ibaki. Hakulisema hivyo, lakini ndivyo alivyolipanga. Kaka akasema, "Sawa, la hewani." Msichana alimsikia kwa masikio yake.

Mama alikuwa ameomba ruhusa kazini, na alivaa gauni alilopewa na mwajiri wake, akalipiga pasi mbele na nyuma. Tulikalishwa pembeni, benchi la pili, nyuma kidogo ya viti vya wageni. Mwenyekiti alikuwa mbele yetu, mtu mnene mwenye kicheko kizuri. Sina budi kumtendea haki, alikuwa na kicheko kizuri.

Pazia likafunguliwa. Mheshimiwa alikuwa ndani ya joho lililoshonwa kwa pazia kuukuu la bwalo lilelile, na kilemba cha bendeji. Kaka alitoka amevaa kaptula yake ya kulimia na fulana iliyotoboka, zile za nyumbani, ninazozijua kila tundu. Komandoo alisema kweli. Hawakumshonea.

Kofi la kwanza lilipotua Mama alinishika mkono, kucha zikaniingia. Hakuwa amejua. Sisi tulimwambia jino. Akatazama kushoto, watu wanacheka. Akatazama kulia, wanacheka. Mbele yake Mwenyekiti anapiga goti lake kwa kiganja. Mama akaniachia mkono, akajaribu kicheko kidogo, kama mtu anayeonja chumvi. Kofi la pili alicheka na wenzake. Kufikia onyesho la tatu alikuwa anacheka kabla mkono haujafika, na alimgeukia mama mmoja aliyekaa naye akamwambia, "Huyo anayepigwa ndiye wangu."

Nilimchukia wakati ule. Nimempenda maisha yangu yote na nilimchukia kwa muda huo, na sioni sababu ya kulificha.

Mheshimiwa naye alikuwa amelewa vicheko. Alianza kuongeza maneno yasiyokuwamo. Katika onyesho la kabla ya mwisho kuna mahali tajiri anauliza, "Ewe baradhuli, ni mama gani aliyemzaa kiumbe kama wewe?" na hadimu anajibu, "Mama yangu ni umaskini, bwana." Mheshimiwa hakungoja jibu. Kuna mtu alikuwa amemnong'oneza nyuma ya pazia. Alikuja mpaka ukingoni mwa jukwaa, akakinga macho kwa kiganja, akatafuta, akanyoosha kidole.

"Kumbe ndiye yule? Simama, ewe mama, tukuone."

Mama akasimama. Akaweka sawa kilemba chake cha kichwani, akapunga mkono huku na huku. Alidhani anatambulishwa, kama wanavyotambulishwa wazazi wa wanaofanya vizuri. Bwalo lilicheka mpaka mabenchi yakalia. Mheshimiwa akamgeukia Kaka akamchapa kofi zito kuliko yote. "Na hili ni la mamako," akasema.

Onyesho la mwisho likaanza watu bado wanafuta machozi. Hakimu akatoa hukumu yake. Kaka akasimama mbele ya tajiri, na akaanza hotuba kwa sauti ya chini, bila kuinama, bila ile labeka ya puani waliyomfundisha. Ewe bwana, mkono huu umekunawisha, umekulisha. Kelele zikapungua benchi kwa benchi. Kufika kwenye haki, palikuwa kimya. Mheshimiwa akatoa shavu lake huku anatabasamu, viganja viko kiunoni tayari kupiga mlio.

"Upokee," Kaka akasema.

Lilisikika mpaka jikoni kwa wapishi. Kilemba kiliruka kikajifungua sakafuni, na Mheshimiwa akakaa chini ndani ya pazia lake, ameshika shavu. "Umenipiga," akasema, kwa Kiswahili chetu hiki cha kila siku, kwa sauti ya mtoto. Hakuna aliyecheka. Bwalo lile lililokuwa limecheka mchana kutwa kwa kofi baada ya kofi lilinyamaza kwa moja.

Sijui kama alikusudia. Nimemuuliza, na jibu lake ni kwamba mkono ulikwenda. Mimi nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikataka kusimama juu ya benchi, na furaha hiyo ilidumu mpaka nilipogeuka kumwangalia Mama nikakuta nafasi yake iko tupu.

Mama alikuwa amemwona Mwenyekiti anainuka. Ameishi kwenye nyumba za mabosi, anajua uso wa bosi ukikunjamana hivi kinafuata nini, na anajua una muda gani kabla hakijafuata. Alikwishafika. Alipiga magoti kwenye saruji, mbele ya watu wote, akashika miguu ya yule mtu.

"Tusamehe, baba. Tusamehe, bosi. Ni mtoto, hana akili. Mimi mama yake ndiye nimekosa. Usimfukuze, bosi."

Mwenyekiti hakujua mikono yake aiweke wapi. Halafu huko nyuma kabisa mtu mmoja akapiga makofi, na mwingine akacheka, na nikaelewa walichokuwa wanaona. Waliona ni sehemu ya mchezo. Walimkumbuka yule mama aliyesimama akapunga mkono, na sasa ameingia tena, na wakaona limepangwa vizuri sana. Kicheko kilikuja kwa mkupuo, kikubwa kuliko vyote, kicheko cha watu waliokuwa wameogopa na sasa wameambiwa hakuna kitu. Mwenyekiti akatazama nyuma yake, akaona watu wanacheka, naye akacheka kile kicheko chake kizuri. Akainua kidole.

"Na yeye aje."

Kaka akashuka jukwaani. Nilikuwa nimefika karibu, nilimwona anamshika Mama kwapani amwinue. Mama akamshika yeye kwa nguvu zaidi, akamvuta chini.

"Piga magoti, Mwalimu," akamwambia polepole.

"Mama, inuka."

"Piga magoti, mwanangu. Kwani nitakula heshima yako?"

Akapiga magoti. Mtu akapiga kelele kutoka nyuma, "Kwa lugha ya mchezo." Wengine wakaitikia, kwa lugha ya mchezo. Kaka akainamisha kichwa kando ya kichwa cha Mama, akasema, "Niwie radhi, bwana."

Bwalo likasimama wima. Walipiga makofi muda mrefu. Mgeni rasmi alisema katika hotuba yake kwamba ameona michezo mingi lakini hajaona wenye mwisho mzuri kama ule, wenye kuchekesha na kufunza adabu kwa pamoja, na akaomba mama yule apigiwe makofi tena. Mama akapigiwa. Hakuwa na pa kutazama, akanitazama mimi.

Hawakumfukuza Kaka, hilo Mama analishikilia mpaka leo kwamba ni kazi ya magoti yake. Mwenyekiti alimsamehe hadharani na ikawa hadithi yake ya kusimulia kwenye vikao. Kaka alirudi chuoni wiki moja. Kisha akaja Jumamosi na sanduku, na Jumatatu hakuondoka. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Mama aliendelea kumwita Mwalimu, mpaka jioni moja Kaka akamwomba aache, akamwomba kwa upole sana, na Mama akaacha. Sasa anamwita kwa jina kama watu wengine wanavyoita watoto wao. Baadaye Kaka akapata kazi kwenye misumari.

Mwaka uliofuata msichana mmoja wa mwaka wa kwanza alikuja kwenye kiti changu. Alitaka nywele za kizee, mistari mikubwa isiyonyooka, na nimpake majivu kidogo pembeni zionekane mvi.

"Kuna nini?" nikamuuliza.

"Tuna mchezo, dada. Ule wa mwaka jana, wa hadimu. Watu wameomba urudiwe. Mimi nacheza Mama Hadimu."

Nikachukua chanuo nikaanza kugawa nywele. Alikuwa mchangamfu, wa kuongea mwenyewe. Akaniambia Mama Hadimu ndiye anayechekesha kuliko wote, kwamba kuna mahali anapunga mkono na mahali anaingia mbio akapiga magoti, na kwamba aliyeicheza mwaka jana alikuwa na kipaji cha ajabu, wao wanajaribu na haitoki vile.

"Na lile kofi?" nikasema. "La hadimu kumpiga tajiri."

"Hapana, siku hizi hakuna kofi hapo. Hadimu anainua mkono tu, mimi naingia. Walisema hilo halikuwa linachekesha." Akajigeuza kidogo anitazame. "Dada, wanasema wewe ulikuwepo. Alishika mguu mmoja au yote?"

"Yote miwili," nikamwambia. "Na alikuwa analia. Alikuwa analia kwelikweli."

Nilitaka anyamaze. Nilitaka aone haya hata kwa dakika moja, hapo mapajani kwangu. Akaniomba nisimamishe kusuka, akachukua simu yake akaanza kuandika.

"Hiyo ya kulia hatukuijua," akasema. "Ngoja niwaambie tuiongeze."